Jinsi ya Kuwa Mpiga Solo Bila Kununua Amplifaya

Sogea karibu, tusemezane polepole. Una gitaa la umeme, ulilonunua mwenyewe au uliloachiwa na binamu aliyeoa akaachana na muziki. Una kompyuta. Una chumba ambacho ukuta wake mmoja ni wa jirani pia. Amplifaya huna, na ukikumbuka kodi ya nyumba unajua kabisa kwamba mwaka huu hutainunua. Na bado unataka siku moja, harusini, watu washushe vijiko vya pilau wageuke kukutazama vidole vikipanda shingo ya gitaa.

Tamaa hiyo ni halali, usiionee haya. Karibu kila aliyewahi kushika gitaa alilishika ili atazamwe. Nitakupa njia ya mkato, na nakuhakikishia kwamba kwa muziki wetu njia hii inafika kulekule.

Nasema kwa muziki wetu kwa sababu gitaa la dansi na la rumba ni gitaa safi. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, msikilize Franco na TPOK Jazz, wasikilize Les Wanyika: kila noti imesimama peke yake, na magitaa matatu au manne yanapishana bila kugongana. Sauti ya namna hiyo haidai valvu zinazochemka wala spika ya kutikisa bati. Inadai usafi na mwangwi kidogo, na usafi ndicho kitu ambacho kompyuta inakitoa kwa bei nafuu kabisa. Vijana wa roki nzito watakuambia kwamba hakuna mbadala wa amplifaya kubwa. Wao wana shida zao. Wewe una bahati ya kuzaliwa upande wa sebene.

1. Usichomeke kwenye tundu la kwanza unaloliona

Jeki ya gitaa ni nene, milimita 6.35. Tundu la kompyuta ni la milimita 3.5. Adapta ya kuvipatanisha haina bei, utaipata Kariakoo au Luthuli Avenue, na ukishaipata mkono utakuwasha kuichomeka kwenye lile tundu la waridi, la maikrofoni. Utasikia kitu. Kitakuwa gitaa, lakini gitaa lililopoteza ukali wote wa juu na linalokoroma kwa chini.

Sababu ni hii. Sumaku zilizo chini ya nyuzi hutoa umeme dhaifu, unaotaka kupokewa na mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu ohm milioni 1. Tundu la maikrofoni la kompyuta lina ohm elfu chache tu. Linainyonya sauti mlangoni, na zinazokwenda kwanza ni sauti za juu, zilezile zinazoifanya solo ing'ae. Laptopu ndiyo taabu zaidi: nyingi zina tundu moja la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, na ukichomeka gitaa humo, mashine hudhani umeleta hedifoni.

Kama mfuko ni mtupu kabisa na kompyuta yako ni ya mezani, iko hila. Azima pedali ya Boss kwa rafiki, yoyote ile, hata ya distoshoni. Itie betri ya volti 9, ipitishe kati ya gitaa na kompyuta, peleka waya kwenye tundu la buluu, kisha usiikanyage. Iache imezimwa. Hata zikiwa zimezimwa, pedali hizo zina saketi inayolipokea gitaa vizuri na kulisukuma mbele likiwa na nguvu. Rafiki akikuuliza distoshoni ya nini kwenye rumba, mwambie unafanya utafiti. Ni kweli, unaufanya.

2. Nunua kitu kimoja, kisha funga pochi

Hicho kitu kimoja ni saundi kadi ya nje, ya kuchomeka kwa USB. Behringer UM2 itakutosha. Focusrite Scarlett Solo ni nzuri zaidi, na ya mtumba haina neno ikiwa matundu hayajalegea. Usibabaishwe na zenye matundu manane. Wewe ni mmoja. Tafuta tundu au kitufe kilichoandikwa INST au Hi-Z. Hapo ndipo palipotengenezwa kwa ajili ya gitaa. Usipokiona, rudisha kwenye kabati la muuzaji na uende duka la pili.

Ukifika nyumbani, piga nyuzi zote kwa nguvu zako zote huku ukipandisha kitufe cha sauti ya kuingia. Taa ikiwa nyekundu, shusha kidogo mpaka isiwake tena. Umemaliza. Watu hupenda kuiacha nyekundu wakidhani ndiyo nguvu. Humu ndani nyekundu ni sauti iliyokatwa kichwa, na hairudishiki.

Hedifoni ziwe za waya. Za bluetooth ni nzuri kwa kusikilizia taarifa ya habari ukiwa kwenye daladala, lakini mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Utapiga leo, usikie kesho.

3. Ua ucheleweshaji

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kulitundika gitaa ukutani, kwa hiyo kaa nami.

Utachomeka kila kitu, utapiga uzi, na sauti itakuja baada ya kidole kuondoka. Utaanza kupiga taratibu ili uisubiri, nayo itazidi kukutoroka, na baada ya dakika tano utaamini kwamba huna kipaji. Kipaji unacho. Tatizo ni bafa.

Kompyuta inakata sauti vipande 48,000 kila sekunde. Haivishughulikii kimoja kimoja; inavikusanya mafungu, na ukubwa wa fungu ndio bafa. Fungu la vipande 1,024 ni milisekunde 21 za kusubiri. La 256 ni 5 na ushei. La 128 halifiki 3. Na safari ni mbili, kuingia na kutoka, pamoja na muda mdogo wa njiani. Basi ingia kwenye mipangilio ya programu yako, shusha bafa mpaka 128. Sauti ikianza kukwaruza, ujue kompyuta inatweta. Ipandishe mpaka 256 na uishi hapo kwa amani.

Mtu akikutisha kwamba milisekunde 10 ni nyingi, mpigie hesabu. Hewani sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 10 ni mita tatu na nusu. Wapiga gitaa wa bendi kubwa husimama umbali huo au zaidi kutoka kwenye spika zao, usiku kucha, na watu wanacheza.

Kwa wenye Windows kuna jambo moja la ziada, na usiliruke. Njia ya kawaida ya sauti ndani ya Windows inapita kwenye mchanganyo mmoja na sauti za kila programu, na inachelewa. Kile kisanduku cha kutiki ili usikie maikrofoni kwenye spika kinachelewesha vibaya kuliko vyote, kiondoe. Unachotaka ni draiva ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili sauti ipite njia ya mkato. Saundi kadi nzuri huja na yake. Yako ikikosa, pakua ASIO4ALL, ni ya bure. Ukiwa humo humo, zima kila kitu kinachoitwa kuboresha sauti au kuondoa kelele. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni, na vikiisikia noti ndefu ya gitaa vinaihesabu kuwa kelele ya feni, vinaifuta.

Wenye Mac, ninyi hili limeshatatuliwa. Endeleeni mbele.

4. Chagua amplifaya usiyoweza kuinunua

Sasa raha inaanza. Kama una Mac, GarageBand ni ya bure na amplifaya zimo. Kwenye Linux kuna Guitarix. Kwingine kuna AmpliTube na Guitar Rig, ambazo zina matoleo ya bure yenye vitu vichache, na vichache vinatosha. Kuna pia Neural Amp Modeler, ya bure kabisa, ambayo hujifunza sauti ya amplifaya halisi kwa mfumo wa mitandao ya neva. Wenye amplifaya za thamani hurekodi mifano na kuitoa bure, wewe unaipakua.

Fungua picha ya Fender Twin Reverb. Ile ya kweli ina uzito wa karibu kilo 30, na anayeimiliki huwa na mgongo unaouma. Yako haina uzito. Au tafuta mfano wa Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ya transista, safi mno, yenye ule mtawanyiko wa sauti unaofanya gitaa moja lionekane mawili. Kwa dansi ningeanza na hiyo. Besi kiasi, trebo juu kidogo, mwangwi mfupi, gein chini kabisa. Kisha iache. Wajanja wengi hupoteza jioni nzima wakizungusha vitufe vilivyochorwa, wakalala hawajapiga hata noti ishirini. Ruhusu nafsi yako dakika kumi za kuitazama ile picha, kwa sababu ni nzuri na inatia moyo, halafu ipunguze ukubwa.

Siku utakayotaka distoshoni, kumbuka kuwasha na kabati la spika ndani ya programu. Spika ya gitaa ya inchi 12 inapunguza sana kila kitu kinachozidi takriban hezi 5,000, na ndiyo inayoilainisha distoshoni. Bila kabati hilo, utasikia mbu waliofungiwa kwenye kopo.

5. Ondoa mngurumo, kisha ufurahie kukatika kwa umeme

Gitaa likinguruma, chomoa chaja ya laptopu. Mara nyingi mngurumo unaisha hapo hapo, kwa kuwa ulikuwa unapita kwenye waya wa chaja. Ukibaki mvumo mzito wa chini, huo ni umeme wa nyumba, wa hezi 50, unaonaswa na sumaku za gitaa lako. Geuka taratibu ukiwa umeketi kwenye kiti mpaka upate upande unaonyamaza, weka alama sakafuni. Kaa mbali na skrini na chaja ya simu.

Na sasa faida ambayo wauza amplifaya hawaipendi: saundi kadi ndogo inakula umeme kutoka kwenye USB. Umeme wa mtaa ukikatika, wewe mwenye laptopu unaendelea. Hakikisha tu kompyuta haikuwekwa kwenye hali ya kubana betri, maana ikibana, sauti inakwaruza. Mtaa mzima gizani, wewe uko ndani ya ukumbi wako.

6. Kopi bila aibu

Kila mpiga solo unayemheshimu alianza kwa kupiga kopi. Waliokutangulia walirudisha kanda nyuma, wakarudisha tena, mpaka kanda ikachakaa. Sahani ikipunguzwa mwendo, sauti nayo ilishuka, kwa hiyo walipambana na noti zilivyokuja. Wewe unayo njia ya ulaghai ambayo wao wangeilipia ng'ombe: Audacity, programu ya bure, inapunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti yake.

Kata kipande unachokitaka. Kiwe kifupi, mzunguko mmoja tu. Punguza mwendo kwa nusu. Kiache kijirudie. Kikikaa vidoleni, pandisha kwa asilimia tano, tena tano, mpaka ufikie mwendo wenyewe. Ukikwama asilimia 85, hapo ndipo palipo na kosa la vidole; rudi ukatafute ni kidole gani kinachelewa, badala ya kulazimisha.

Hila nyingine, na hii inaokoa nyuzi. Rekodi za zamani zimepita kwenye mashine nyingi za kanda na sahani, kila moja na mwendo wake, na mara kwa mara wimbo unakutwa katikati ya noti mbili. Usihangaike kulityuni gitaa upya kwa kila wimbo. Utyuni wimbo. Pandisha au shusha rekodi kidogo kidogo ndani ya programu mpaka ilingane na gitaa lako, uihifadhi hivyo. Gitaa ni moja, nyimbo ni nyingi. Nyimbo ndizo zije kwako.

Anza na rizimu, hata kama moyo uko kwenye solo. Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, ilisimama juu ya rizimu ya Omari Shabani, waliyemwita Profesa, na besi ya Tom Malanga. Wanenguaji walidhani wanacheza solo. Walikuwa wanacheza rizimu. Ukiishika hiyo, solo hata ikiwa na noti nne itaonekana ya mtu anayejua.

7. Unda bendi ya watu wanne, wote wewe

Hapa ndipo ninapotaka usimame zaidi, kwa sababu hapa kompyuta inaipita amplifaya kwa mbali. Amplifaya inakupa sauti kubwa. Kompyuta inakupa wenzako.

Dansi haipigwi na mtu mmoja. Kuna rizimu, kuna second solo, ambayo Wakongo wanaita mi-solo, kuna solo, kuna besi. Utamu uko kwenye nafasi wanazoachiana. Ukifanya mazoezi peke yako na amplifaya chumbani, unazoea kujaza kila nafasi, na siku ya kwanza ukikaa na bendi unakuwa mtu wa kelele asiyempisha mwenzake. Ni ugonjwa wa wapigaji wengi wa chumbani, na dawa yake iko mbele yako kwenye meza.

Weka metronomu. Rekodi rizimu ya mizunguko minane. Piga hata mara ishirini, hakuna anayehesabu. Chagua mzunguko mmoja uliotulia, ukate, uurudie dakika tano nzima. Uelekeze kwenye sikio la kushoto. Sasa rekodi second solo juu yake, kwenye sikio la kulia, na ujikataze kupiga pale rizimu inapopiga. Besi kama huna gitaa la besi, piga nyuzi nene za gitaa lako kisha ishushe oktevu moja ndani ya programu. Haitampumbaza mpiga besi. Itakutosha.

Halafu zima kila sauti ya solo uliyowahi kuikopi, sikiliza hao watatu kwa dakika moja bila kugusa uzi, ndipo uingie. Utaingia na noti chache. Utajishangaa.

8. Rekodi, danganya, tuma

Utataka kutuma. Hata ukiniapia kwamba unapiga kwa ajili ya nafsi yako, najua kuna mtu kwenye simu yako unayetaka aisikie. Basi itumwe vizuri.

Piga solo mara nyingi. Chukua mwanzo wa ile ya tatu, katikati ya ile ya saba, mwisho wa yoyote uliomalizika salama. Unganisha, lainisha viungo. Studio kubwa zimefanya hivyo tangu enzi za kukata kanda kwa wembe, na hakuna aliyenyang'anywa tuzo. Ongeza mwangwi kidogo kuliko unavyotaka. Lakini usiruhusu programu inyooshe mapigo yako yawe sawasawa kwenye mstari: ule mvuto wa kuchelewa kidogo ndio rumba yenyewe, na ukiunyoosha unabaki na mashine ya cherehani.

Picha iwe ya vidole, si ya kompyuta. Sekunde thelathini zinatosha. Acha wakiwa bado wanataka.

9. Toka nje

Siku itafika utakapoitwa, kanisani au kwenye bendi ya hoteli iliyokosa mtu. Utakuwa umezoea sauti yako, na amplifaya yao hutaijua. Usiende kuibahatisha. Nenda na laptopu yako na saundi kadi yako.

Kabla ya kutoka, zima intaneti, bluetooth na kila programu yenye kengele, ili ujumbe wa mwenye nyumba usisikike kwenye spika za ukumbi. Chaji betri mpaka ijae. Beba waya mbili za akiba, na moja ya USB, kwa sababu hiyo ndiyo hukatika. Panda na bafa ya 256. Jukwaani kukwaruza ni kubaya kuliko kuchelewa kidogo. Fika mapema kuliko wanamuziki wengine, umsalimie fundi mitambo kabla hujamwomba kitu chochote, na umsalimie kwa heshima ya mtu aliyeshika maisha yako mkononi. Kisha mwombe matundu mawili kwenye mixa, kushoto na kulia, na spika moja ndogo ya kukuelekea miguuni.

Akikuuliza amplifaya iko wapi, mwonyeshe laptopu. Akicheka, mpigie mzunguko mmoja wa rizimu, ule uliotulia, na umngoje apandishe mwenyewe sauti yako.